Jinsi ya kusimulia kuondoka kwako kwa Kihispania: mwongozo kamili wa vitenzi na nyakati zilizopita

"Niliondoka Madrid." Kwa Kiswahili sentensi hiyo imekamilika, haidai neno jingine. Kwa Kihispania una njia tatu za kuisema, na zote ni sahihi: *salí de Madrid*, *me fui de Madrid*, *dejé Madrid*. Lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza inamwonyesha msikilizaji mtu anayetoka nje ya mji, ya pili inamwambia kwamba hukubaki tena pale, na ya tatu inamfanya aufikirie mji wenyewe ulioachwa nyuma. Ndiyo maana nashauri usianze na majedwali ya mnyambuliko. Chagua kitenzi kwanza, kisha uchague wakati. Anayeanzia kwenye majedwali hujikuta anajua kunyambua *salir* kwa nafsi zote bila kujua kama *salir* ndicho alichokihitaji.

Hatua ya kwanza: chagua kitenzi

*Salir* ni kutoka. Kuna ndani na kuna nje, na wewe umevuka mpaka kati yake: mlango wa nyumba, geti la kiwanda, mpaka wa nchi. *Salí de la oficina a las cinco*, nilitoka ofisini saa kumi na moja jioni. Kitenzi hiki hakisemi lolote kuhusu kurudi. Ukimuulizia daktari hospitalini ukaambiwa *el doctor salió*, kaa usubiri, huenda ametoka kidogo. Ukiambiwa *el doctor ya se fue*, njoo kesho. *Salir* pia ndicho kitenzi cha ratiba za usafiri: *el tren salió a las nueve*, treni iliondoka saa tatu.

*Irse* ni kwenda zako. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi. Tunasema *nilikwenda zangu, ulikwenda zako, alikwenda zake, tulikwenda zetu*, na hicho kijineno cha mwisho hubadilika kufuata mtendaji. Kihispania kinafanya vivyo hivyo, ila kinakiweka mbele: *me fui, te fuiste, se fue, nos fuimos*. Maana nayo ni ileile. Anayekwenda zake hatuelezi alipitia mlango gani, anatuambia kwamba hayupo tena. Hata amri zinalingana, kwani *¡vete!* ni "nenda zako!"

*Dejar* ni kuacha, na mkazo wake uko kwenye kilichoachwa. *Dejé mi país en 2010*, niliiacha nchi yangu mwaka 2010. Sentensi hii ina uzito wa moyoni ambao *salí de mi país* haina. Itumie unapotaka uzito huo usikike. Kwa kutoka dukani haifai kabisa.

Vingine nitavipitia haraka. *Partir* ni cha maandishi, matangazo na usemi rasmi. *Marcharse* kina maana ya *irse* na utakisikia sana Uhispania. *Mudarse* ni kuhama makazi: *me mudé de Sevilla a Valencia*. *Huir* ni kukimbia hatari, na katika nafsi ya tatu *i* hugeuka *y*: *huyó, huyeron*. *Abandonar* kiache mpaka utakapokihitaji kweli, kwa sababu kina sauti ya kutelekeza.

Hatua ya pili: usimsahau "me", wala usimsahau "de"

Maneno haya mawili madogo ndiyo yanayowaangusha wazungumzaji wa Kiswahili wengi zaidi, na sababu iko kwenye lugha yetu. Kitenzi *-ondoka* hakihitaji kirejeshi, yaani kijineno kama *me* kinachomrudia mtendaji, na jina la mahali hulipokea moja kwa moja.

Tuanze na *me*. *Fui a Lima* maana yake nilikwenda Lima, labda nikakaa wiki moja nikarudi. *Me fui a Lima* ni habari nyingine: niliondoka nilipokuwa, nikaelekea Lima, na mkazo uko kwenye kuondoka. Ukitaka kusema uliondoka Lima kisha ukadondosha *me*, utapata *fui de Lima*, na hapo umeharibu kabisa, kwa sababu vitenzi *ir* (kwenda) na *ser* (kuwa) vina maumbo yaleyale katika wakati uliopita. Msikilizaji atasikia kitu kama "nilikuwa mtu wa Lima".

Kirejeshi hiki hubadilika hata kinapobandikwa mwishoni mwa kitenzi-jina, yaani umbo la kitenzi kama *ir* au *salir*. *Antes de irme*, kabla sijaondoka. *Antes de irte*, kabla hujaondoka. *Antes de irse*, kabla hajaondoka. Kosa la kusema *tuve que irse* ukijizungumzia mwenyewe ni la kawaida mno, kwa vile kamusi hukiandika kitenzi kwa umbo la *irse* na macho yakazoea hivyo. Sema *tuve que irme*.

Sasa *de*. *Salir* na *irse* vikitaja mahali pa kuondokea vinaidai kila mara: *salí de casa, me fui de Bogotá, nos fuimos de allí*. *De* ikikutana na *el*, huungana kuwa *del*: *salí del hotel, se fue del pueblo*. Muungano huo haufanyiki katika maandishi pale *El* inapokuwa sehemu ya jina lenyewe, kwa hiyo andika *me fui de El Salvador*.

*Dejar* ni kinyume chake, haitaki *de*: *dejé Bogotá, dejé el pueblo*. Ukiichomeka, maana inaruka upande mwingine, kwa sababu *dejar de* hufuatwa na kitenzi-jina na humaanisha kukoma kufanya jambo: *dejé de trabajar*, niliacha kufanya kazi. Kwa watu *dejar* hupokea *a*: *dejé a mi madre en la estación*, nilimwacha mama stesheni. Uwe mwangalifu na *dejé a mi novio* bila kutaja mahali, maana yake ni kwamba mmeachana.

Kwa unakoelekea, tumia *a* au *para*: *me fui a Chile, salí para Chile*. Ukitaka kutaja pande zote mbili, *me fui de Caracas a Bogotá*. Katika vishazi rejeshi ile *de* hutangulia: "mji nilioondoka" ni *la ciudad de la que me fui*, lakini "mji niliouacha" ni *la ciudad que dejé*.

Hatua ya tatu: pretérito, wakati wa tukio lililokwisha

Huu ndio uti wa mgongo wa simulizi la kuondoka. Tukio lilitokea, likaisha, nawe unalitazama zima.

*Salir*: salí, saliste, salió, salimos, salisteis, salieron.
*Irse*: me fui, te fuiste, se fue, nos fuimos, os fuisteis, se fueron.
*Dejar*: dejé, dejaste, dejó, dejamos, dejasteis, dejaron.

Umbo la tano, *salisteis* na wenzake, ni la *vosotros* na hutumika Uhispania. Amerika ya Kilatini yote husema *ustedes salieron, ustedes se fueron*. Kama huna mpango wa kuishi Uhispania, lielewe tu ukilisikia, kisha endelea.

Alama za mkazo si urembo. *Dejo* ni "naacha", *dejó* ni "aliacha". *Deje* ni "acha" ya kumwambia mtu kwa heshima, *dejé* ni "niliacha". Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na mazoea hayo hutufanya tutamke *DE-jo* tulipokusudia *de-JÓ*. Jizoeze kwa sauti kubwa, ukipandisha sauti mwishoni: *salí, salió, dejé, dejó*. *Fui* na *fue* hazina alama, na kila moja ni silabi moja, "fwi" na "fwe". Ukitamka "fu-i" utaeleweka, lakini simulizi litakosa mwendo. Herufi *j* ya *dejé* isomwe karibu na *kh* ya "sabalkheri". Nchi za Karibi huilainisha hadi *h*.

Jambo moja zaidi: *salimos* ni "tunatoka" na pia "tulitoka", na *dejamos* ni vivyo hivyo. Ni muktadha unaotofautisha, kwa hiyo weka neno la wakati: *ayer salimos*. *Irse* haina tatizo hilo, kwani *nos vamos* ni ya sasa na *nos fuimos* ni ya zamani. Hata hivyo, katika nchi kadhaa za Amerika ya Kilatini utasikia *¡nos fuimos!* ikisemwa na watu ambao ndio kwanza wanainuka kwenye viti. Hapo ina maana ya "haya, twende!"

Hatua ya nne: imperfecto, mandhari na mazoea

*Salía, salías, salía, salíamos, salíais, salían.*
*Me iba, te ibas, se iba, nos íbamos, os ibais, se iban.*

Wakati huu unafanya kazi mbili katika habari za kuondoka. Ya kwanza ni mazoea: *salía de casa a las seis*, nilikuwa nikitoka nyumbani saa kumi na mbili, kila siku. Ya pili ni tendo lililokuwa likiendelea mpaka lingine likalikata: *salía de casa cuando sonó el teléfono*, nilikuwa natoka nyumbani simu ikalia. Kuondoka kuko kwenye imperfecto na mlio wa simu uko kwenye pretérito.

Kwa hiyo kipimo rahisi ni hiki: ukiweza kuweka "nilikuwa niki-" bila sentensi kuharibika, imperfecto inafaa. Lakini kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu *-li-* yetu hubeba mizigo ya pande zote mbili. "Niliishi Quito" inaweza kuwa *vivía en Quito*, ukieleza hali iliyokuwapo mambo mengine yalipotokea, au *viví en Quito tres años*, ukifunga kipindi kizima na kukihesabu. Jiulize: je, nakitaja kama mandhari ya nyuma, au kama jambo lenye mwanzo na mwisho?

Hatua ya tano: kutaka, kulazimika na kuweza kuondoka

Hapa ndipo pana utamu wote, na ndipo simulizi la mgeni linapoanza kusikika kama la mwenyeji. Vitenzi vitatu visaidizi hubadilisha maana kabisa kulingana na wakati.

*No quería irme*: sikutaka kuondoka. Hiyo ilikuwa hali ya moyo wangu. Inawezekana sana kwamba mwishowe niliondoka.
*No quise irme*: nilikataa kuondoka. Nilibaki.

Kiswahili huzisema zote mbili kwa "sikutaka", kwa hiyo mtafsiri wa haraka huchagua yoyote. Matokeo yake ni makubwa. Mtu aliyeihama nchi yake kwa uchungu akisema *no quise irme de mi país*, wanaomsikiliza watashangaa kumwona ameketi mbele yao.

*Tenía que irme*: nilipaswa kuondoka. Wajibu ulikuwapo, kama niliondoka au la hatujui bado.
*Tuve que irme*: ililazimu niondoke, na niliondoka.

*Podía salir*: niliweza kutoka, njia ilikuwa wazi, ruhusa ilikuwapo.
*Pude salir*: nilifanikiwa kutoka. Na *no pude salir*: nilijaribu, ikashindikana.

Maumbo ya kukariri ni *quise, quiso, quisieron. Tuve, tuvo, tuvieron. Pude, pudo, pudieron*. Hayana alama za mkazo. Yafanyie mazoezi kwa kusimulia habari moja mara mbili, mara ya kwanza kwa imperfecto na mara ya pili kwa pretérito, ukieleza kwa Kiswahili kilichobadilika. Zoezi hili moja lina faida kuliko kurasa nzima za kujaza nafasi zilizo wazi.

Karibu na hapo kuna *iba a salir*, nilikuwa nitatoka, nilikusudia kutoka. Kila mara inakaribisha "lakini": *iba a salir, pero empezó a llover*. Kwa "nilikuwa karibu kabisa kuondoka" sema *estaba a punto de irme*.

Hatua ya sita: "ameondoka" na "bado hajaondoka"

Kiambishi *-me-* kinalingana na wakati unaoundwa na *haber*: *he salido, me he ido, he dejado*. "Ameondoka" ni *se ha ido*. Kirejeshi kinatangulia vyote, kamwe usiseme *ha se ido*.

Lakini jiografia inaingia. Sehemu kubwa ya Uhispania hutumia umbo hili kwa jambo la leo: *hoy he salido de casa a las ocho*. Amerika ya Kilatini kwa kawaida husema *hoy salí de casa a las ocho*, na ndivyo wasemavyo pia Galicia na Visiwa vya Canary, ingawa viko Uhispania. Kwa hiyo Mmeksiko anayetaka kusema "ameshaondoka" atasema *ya se fue*. Neno *ya* ndilo linalobeba kazi ya *-sha-*. Ushauri wangu: chagua upande mmoja kulingana na watu utakaozungumza nao na uushike. Kuchanganya si dhambi, ila sikio la mwenyeji hutambua mara moja.

"Hajaondoka" ni *todavía no se ha ido*. Kiambishi chetu *-ja-* kinabeba "bado" ndani yake, Kihispania kinaitaka itamkwe.

Na umeme ukikatika, *se fue la luz*. Basi likikuacha, *se me fue el autobús*. Kitenzi ni kilekile cha kwenda zake, na *me* hapo ni wewe uliyeathirika.

Hatua ya saba: kuondoka kulikotangulia tukio lingine

"Nilipofika, alikuwa ameshaondoka": *cuando llegué, ya se había ido*. Ni *había, habías, había, habíamos, habíais, habían* pamoja na *salido, ido* au *dejado*. Kwa wanaotumia *alikuwa ame-* kila siku, hakuna kigeni hapa. Ongeza tu *acababa de salir*, alikuwa ndio kwanza ametoka, ambayo itakufaa sana.

Maneno ya wakati

"Niliondoka miaka miwili iliyopita" ni *me fui hace dos años*. "Tangu nilipoondoka" ni *desde que me fui*. "Nilipotoka tu" ni *al salir*. Kumbuka saa: hesabu ya Kihispania inaanzia usiku wa manane na adhuhuri, hivyo saa moja asubuhi ni *las siete de la mañana*, na saa saba mchana ni *la una*, ambayo peke yake hutaka *a la* badala ya *a las*.

Kuyaweka pamoja

Soma kifungu hiki, kisha angalia kila kitenzi kimevaa wakati gani:

*En 2015 me fui de Quito. Vivía en un barrio tranquilo, pero no encontraba trabajo. No quería irme, pero tuve que hacerlo. Mi hermano ya se había ido a Chile. Dejé mis libros con una vecina y me despedí de todos. Llovía cuando salí de casa. El autobús salió a las seis y media.*

Mwaka 2015 niliondoka Quito. Nilikuwa nikiishi mtaa mtulivu, lakini sikuwa napata kazi. Sikutaka kuondoka, lakini ililazimu. Kaka yangu alikuwa ameshakwenda Chile. Nikaviacha vitabu vyangu kwa jirani, nikawaaga wote. Mvua ilikuwa ikinyesha nilipotoka nyumbani. Basi liliondoka saa kumi na mbili na nusu.

Mtaa, ukosefu wa kazi, kutotaka na mvua ni mandhari, kwa hiyo ni imperfecto. Kaka alitangulia, kwa hiyo *había*. Yaliyobaki ni hatua za simulizi zinazosogeza habari mbele, zote pretérito. Tazama pia kwamba *salir* imetokea kwa mlango wa nyumba na kwa basi, *irse* kwa kuuhama mji, na *dejar* kwa vitabu.

Sasa andika chako, sentensi saba au nane, kuhusu mahali ulipowahi kuondoka kweli. Kisha jiandae kwa maswali, kwa sababu yatakuja. *¿Por qué te fuiste?* Anayekuheshimu atauliza *¿por qué se fue?* Jibu kwa *me fui porque…*, na sababu ikiwa hali iliyodumu, iweke kwenye imperfecto: *me fui porque no había trabajo*. *¿Cuánto hace que te fuiste?* Jibu: *hace diez años*. *¿Y has vuelto?*, au kwa Wamerika ya Kilatini wengi, *¿y volviste?* Jibu: *volví una vez*, au *todavía no he vuelto*.